Padri Profesa Mulago, Mwalimu wa Umoja wa Uzima

Jina la Kamanyola linajulikana sana katika nchi yetu, lakini limejulikana kwa sababu ya vita. Mwezi wa Juni mwaka 1964 askari wa serikali walipigana na waasi penye daraja la Kamanyola. Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi wakati ule, alijivunia jambo hilo siku zote. Alipokuwa Rais, jina la Kamanyola lilipewa kikosi cha askari, likapewa merikebu yake, likapewa hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ambao tangu mwaka 1997 unaitwa Uwanja wa Mashahidi. Ndiyo maana watu wengi wa mbali wakisikia Kamanyola wanafikiri bunduki.

Sisi tunaokaa hapa twajua habari nyingine. Hapa ndipo mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika, unapoiacha milima na kuingia katika uwanda. Upande huu ni Bushi. Ng'ambo ya mto ni Bugarama ya Rwanda. Na mto Ruhwa, unaogawanya Rwanda na Burundi, unaingia katika Ruzizi karibu nasi. Siku ya soko mtu akisimama kidogo tu husikia Kimashi, Kinyarwanda, Kirundi na Kifuliru, na wote wanapatana bei kwa Kiswahili. Kamanyola ni kizingiti cha nyumba tatu.

Kwa hiyo yafaa sisi wa hapa, kuliko watu wengine wote, tumkumbuke padri mmoja, mwana wa Bushi, aliyeandika juu ya nyumba hizo tatu pamoja, akaonyesha kwamba msingi wake ni mmoja. Huyo ni Padri Vincent Mulago, padri wa jimbo la Bukavu, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu huko Kinshasa muda wa miaka mingi. Hakuwa askofu, hakuwa mtu wa siasa, na vitabu vyake vingi viliandikwa kwa Kifaransa cha wasomi. Ndiyo sababu waamini wengi wa parokia hawamjui. Lakini mafundisho yake yanatuhusu kila Dominika tunapokwenda kupokea Komunyo Takatifu.

Masomo yake

Padri Mulago alizaliwa mwaka 1924 huko Birava, kando ya ziwa Kivu. Wakati ule dini yetu ilikuwa bado changa katika nchi hizi. Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misioni ya Mugera katika Burundi mwaka 1899, na ile ya Save katika Rwanda mwaka 1900; Bushi ilifuata baada ya miaka michache. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1924 aliwakuta wazee waliokuwa watu wazima kabla msalaba haujafika. Aliweza kusikia kwao, kwa masikio yake mwenyewe, jinsi walivyosali, walivyooa, walivyozika, na walivyofanya mapatano.

Tena katika zamani zile waseminari wa Kivu, wa Rwanda na wa Burundi walikuwa na seminari kubwa moja, huko Nyakibanda katika Rwanda. Vijana wa nchi tatu walilala chini ya dari moja na kula meza moja. Leo jambo hilo lingeshangaza wengi. Siku zile lilikuwa la kawaida, na lilizaa matunda. Angalia: mwaka 1955 Padri Mulago alipata udaktari wa teolojia huko Roma, katika chuo cha Propaganda Fide. Mwaka ule ule Padri Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye alipewa upadri Nyakibanda mwaka 1941, alipata udaktari wa falsafa huko huko Roma. Mapadri wawili wa pande mbili za ziwa Kivu, wote wawili walichukua hekima ya mababu zao wakaipeleka mbele ya walimu wa Roma, nao walimu wakaisikiliza.

Kitabu cha Padri Mulago kilihusu, kwa maneno yake, umoja wa uzima kati ya Bashi, Banyarwanda na Barundi, mbele ya umoja wa uzima ulio katika Kanisa. Maneno hayo yasiwaogopeshe wasomaji. Tutayaeleza polepole.

Uzima ni nini?

Miaka kumi mbele yake, mwaka 1945, mmisionari mmoja wa Katanga, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alikuwa ametoa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Alisema kwamba kwa Mbantu jambo kubwa ni nguvu ya uzima: kuiongeza nguvu hiyo, na kuilinda isipungue. Kitabu hicho kilisifiwa na wengi, na wengine walikipinga. Padri Mulago alijifunza mengi kwake. Lakini yeye alitia mkazo mahali pengine. Alisema kwamba kwa watu wetu uzima si nguvu ya mtu mmoja peke yake. Uzima ni kushirikiana. Mtu anaishi kwa sababu ameunganishwa: na baba na mama waliomzaa, na mababu waliokufa, na watoto watakaozaliwa, na juu ya wote na Mungu, aliye chemchemi ya uzima, ambaye Banyarwanda na Barundi humwita Imana, na Bashi humwita Nyamuzinda. Mtu aliyekatika na hao wote, hata kama anakula na kutembea, kwa kweli amekwisha kufa.

Je, wasomaji, si kweli? Mzee wetu akiona mtu anakula peke yake na mlango umefungwa, anasema nini? Hasemi kwamba mtu yule ana nguvu. Anasema kwamba mtu yule ana roho mbaya. Na siku ya arusi au ya matanga, mtungi wa kasiksi ukiwekwa katikati na mirija ikatiwa ndani, anayekataa kunywa pamoja na wenzake ametamka neno zito bila kufungua kinywa.

Padri Mulago alikusanya desturi za namna hiyo kwa uangalifu, kabila kwa kabila, akazilinganisha. Baadaye aliandika pia juu ya ibada ya Lyangombe, ambayo Bashi na Banyarwanda waliishika wote, na ambayo Barundi waliijua kwa jina la Kiranga. Hakuandika ili turudi katika ibada hiyo. Aliandika kwa sababu aliona kwamba watu walioingia humo walitafuta kitu cha kweli: kuwa wa jamaa moja inayopita mipaka ya ukoo. Mwalimu mwema, kabla hajamwambia mwanafunzi kwamba njia aliyoishika haifiki, humwuliza kwanza alikuwa akienda wapi.

Agano la damu

Mwaka 1956 huko Paris kilitolewa kitabu kilichoandikwa na mapadri weusi wa Afrika na wa Haiti, kuuliza jinsi Kanisa litakavyokuwa la kwao kweli. Padri Mulago na Padri Kagame walikuwa kati yao. Sehemu moja aliyoiandika Padri Mulago ilieleza agano la damu na kula pamoja, jinsi zinavyoweza kuwa mlango wa kuifahamu Ekaristi Takatifu. Hapo ndipo tunapofika kwenye moyo wa mafundisho yake.

Wazee wetu wanalijua agano hilo, hata kama wengi hawakuliona. Watu wawili wasiozaliwa pamoja waliketi mbele ya mashahidi. Walichanjwa ngozi karibu na kitovu, mahali mtoto anapounganishwa na mama yake, na kila mmoja alionja damu ya mwenzake. Katika Rwanda damu hiyo iliwekwa juu ya jani la umuko, mti ule wenye maua mekundu. Kisha walisemewa maneno ya agano: wasaidiane, wasifichane, mmoja asimtoe mwenzake kwa adui, na atakayevunja, agano lenyewe limwue. Tangu siku ile walikuwa ndugu wa kuchanjiana. Banyarwanda huliita agano hilo igihango, na aliyelifunga na mwenzake ni umunywanyi wake, maana yake mtu waliyenywana. Barundi nao wanalo neno hilo, umunywanyi, ingawa leo katika Burundi watu hulitumia hata kwa mwanachama wa chama cha siasa. Neno lililotoka katika damu limefika katika kadi ya chama!

Padri Mulago alisema hivi: watu waliolijua agano kama hilo hawawezi kushindwa kufahamu maneno ya Bwana wetu katika karamu ya mwisho. Mzungu aliyezoea mikataba ya karatasi labda huona tabu kufahamu kwa nini agano lifungwe kwa damu. Mshi, Mnyarwanda na Mrundi hawana tabu hiyo. Walijua zamani kwamba damu iliyotolewa kwa hiari na kunywewa pamoja hufanya watu wawili kuwa wa uzima mmoja. Kristo hakuja kuidharau kiu hiyo. Alikuja kuituliza. Ila yeye hakufunga agano na mtu mmoja aliyemchagua kwa faida yake. Alilifunga na wote, tena na sisi tulio dhaifu. Na agano lilipovunjwa, alikufa yeye, si aliyelivunja.

Profesa katika Kinshasa

Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Kinshasa, kilifunguliwa mwaka 1954 kwa msaada wa chuo kikuu cha kikatoliki cha Louvain. Huko, tarehe 29 Januari 1960, miezi mitano kabla ya uhuru, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu na mwalimu wake Padri Alfred Vanneste walijadiliana mbele ya watu kama kwaweza kuwa na teolojia ya kiafrika. Wengine walisema ndiyo. Wengine walisema ukweli ni mmoja kwa watu wote na hauna rangi. Padri Mulago alipoanza kufundisha huko katika miaka ya 1960, hakupoteza siku zake katika kubishana tu. Alifanya kazi. Mwaka 1966 alianzisha kituo cha kuchunguza dini za Kiafrika, na mwaka 1967 likatoka gazeti la kituo hicho. Watu wa nchi mbalimbali waliandika humo mambo waliyoyapata kwa wazee wao. Mwaka 1973 alitoa kitabu kikubwa juu ya dini ya asili ya Wabantu na jinsi wanavyouona ulimwengu. Aliandika pia juu ya ndoa ya asili na ndoa ya kikristo, jambo linalowasumbua mapadri na makatekista mpaka leo.

Miaka ile haikuwa rahisi. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi kuwa kimoja, na Lovanium ikapotea. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Ndipo Vincent Mulago alipoanza kuandika vitabu vyake kwa jina la Mulago gwa Cikala Musharhamina. Halafu, mwishoni mwa mwaka 1974, serikali iliondoa teolojia katika chuo kikuu, na maaskofu walilazimika kuitunza wenyewe. Fikirini, wasomaji: serikali ilihubiri kurudi kwenye asili, na papo hapo ilimfukuza katika chuo chake mtu aliyeichunguza asili hiyo kuliko wote! Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili inayopigiwa ngoma na wakubwa ni kitu kimoja, na asili inayochunguzwa kwa uvumilivu katika vinywa vya wazee ni kitu kingine.

Kanisa lilipiga hatua. Mwaka 1969 huko Kampala Papa Paulo VI aliwaambia Waafrika kwamba waweza, tena wapaswa, kuwa na ukristo wa kiafrika. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa utaratibu wa majimbo ya Zaire, ambayo ndani yake tunawaita watakatifu pamoja na mababu wetu wenye moyo mnyofu. Hatusemi kwamba Padri Mulago ndiye aliyeiandika Misa hiyo. Twasema tu kwamba waliotayarisha shamba ni wale waliochimba mapema, naye alikuwa mmoja wao.

Swali lililo gumu

Sasa yatupasa kuuliza swali ambalo msomaji wa Kamanyola hawezi kuliacha. Kama watu hawa watatu wana umoja wa uzima, mbona damu nyingi hivi imemwagika kati yao?

Swali hili si la leo tu. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alivuka ziwa mara nyingi kupigana na Bashi, mpaka alipokufa mwaka 1895. Na mwaka 1994 katika Rwanda watu waliuawa hata ndani ya makanisa, kama huko Nyarubuye na Ntarama, na kati ya wauaji walikuwamo waliokuwa wamepokea Komunyo pamoja na wale waliowaua. Mwaka 1996 vita ilivuka mpaka ikaingia kwetu, na tarehe 29 Oktoba mwaka ule Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu. Naye alikuwa Mshi, na alikuwa amepaza sauti kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Hapa Kamanyola penyewe, tarehe 15 Septemba 2017, askari walifyatua risasi, na wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 wakafa. Mwaka 2025 vita ilifika tena kwetu. Hatuhitaji kueleza, kila nyumba inajua.

Mtu aweza kusema: Basi profesa alikosea. Alikaa na vitabu, akaota umoja usiokuwako.

Sisi hatufikiri hivyo. Tusome tena alichoandika juu ya agano. Ndugu waliozaliwa na mama mmoja hawakuchanjana, hawakuhitaji. Waliochanjana ni wageni: mtu wa ng'ambo hii na mtu wa ng'ambo ile, mfanya biashara na mwenyeji wake, watu wa koo mbili waliogombana. Agano la damu ni dawa ya mpakani. Mababu zetu hawakulifanya kwa sababu walipendana tayari. Walilifanya kwa sababu walijua kwamba wanaweza kuuana. Na walilitia laana kwa sababu walijua kwamba linaweza kuvunjwa. Kwa hiyo kuvunjwa kwake hakuonyeshi kwamba ni uongo. Dawa iliyoachwa mezani haimponyi mgonjwa.

Hapo ndipo mafundisho ya Padri Mulago yanapotuchoma. Mzee asiyebatizwa wa zamani, akikutana usiku na adui anayemwinda mwenzake wa agano, alimficha mwenzake chini ya kitanda chake, hata kama ni wa kabila lingine, kwa hofu ya damu aliyoionja mara moja tu. Sisi tunainywa Damu ya Kristo pamoja kila Dominika, na wengine kila siku. Je, agano letu limekuwa jepesi kuliko la yule mzee? Tumeifanya Komunyo kuwa desturi ya kupanga mstari?

Lakini tusiseme mabaya tu. Mwaka ule ule wa 1964, uliolifanya daraja letu kuwa maarufu, tarehe 28 Novemba, mapadri wawili na bruda mmoja Wasaveri wa Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo, waliuawa Baraka na Fizi kwa siku moja. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri huko Uvira, mbele ya umati wa watu. Hao waliweza kukimbia, hawakukimbia. Waliyashika maneno ya agano: mmoja asimtoe mwenzake. Na katika vita zote tulizozitaja walikuwako watu wadogo, wasioandikwa mahali po pote, waliofungua mlango usiku kwa mtu wa lugha nyingine. Hao ndio wanaomshuhudia Padri Mulago kwamba hakuota.

La kufanya

Tufanye nini basi ili kumkumbuka? Hakuna haja ya sanamu. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, sisi makatekista tunapowafundisha wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza, tuwaite wazee waje kueleza agano la damu lilivyokuwa, maana wazee hao wanazidi kupungua. Kisha ndipo tusome Injili ya karamu ya mwisho. Watoto wataelewa upesi, na hawatasahau.

Pili, wanafunzi wetu wanaokwenda Bukavu, Uvira au Kinshasa kusoma, wavitafute vitabu vya Padri Mulago na gazeti la kituo chake, wavisome, na kutuletea kwa Kiswahili yale yanayotufaa. Haifai elimu iliyotoka vinywani mwa bibi zetu ibaki katika kabati la wenye Kifaransa tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: siku tunapotoka Misa tukamwona mtu wa ng'ambo sokoni, Mnyarwanda, Mrundi au Mshi, na kama mwingine anatuambia kwa sauti ndogo kwamba yule ni adui, tujiulize kabla ya kujibu: Je, yule naye hakunywa katika kikombe kile kile? Kama alikunywa, jibu limekwisha kutolewa, nalo si letu kulibadilisha.

Mwenyezi Mungu, Nyamuzinda wa Bashi, Imana wa Banyarwanda na wa Barundi, ampe marehemu Padri Mulago kushiriki uzima ule usiokwisha, ambao aliufundisha miaka mingi. Nasi atupe kuulinda hapa kwenye kizingiti.